Risasi ya Asubuhi

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru, ila nawauliza: mtu aliyestaafu saa anaitakia nini? Halafu yule kijana wenu wa ghala, mwenye sauti kubwa, akasimama akasema, "Mzee Marwa atuandikie kidogo, asije akaondoka na ujuzi wake wote." Alizungumza kana kwamba jeneza langu liko mlangoni linapigwa vanishi. Basi nimekaa, nimeandika. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini. Mambo hayo yako ofisini na hayana ladha. Nitawaambia habari ya mtutu mpya, maana nimewaona mnavyoufanya. Mnaufungua kwenye karatasi yake ya grisi, mnaufunga kwenye bunduki, mnapiga risasi za furaha mbio mbio, mnaupeleka kazini. Mungu anawapenda nyinyi, sijui kwa nini.

Niliingia idara ya wanyama pori miaka ya mwanzo ya uhuru, nikiwa kijana kutoka upande wa Wakuria, karibu na mpaka wa Tanzania. Nilipanda basi Migori, nikashuka Homa Bay, lori la idara likanichukua mpaka ukingo wa bonde la Lambwe. Dereva alinishusha na sanduku langu la bati bila kuzima injini. Nilidhani ana haraka. Kumbe ni mbung'o. Waliniuma shingoni kabla sijajua nielekee wapi, na nyinyi mnaojua kuumwa na mbung'o mnajua kwamba shati si kitu kwao.

Watu wengi walikuwa wamelihama bonde lile kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Waliobaki walijenga juu, kwenye miteremko. Huku chini palikuwa na nyasi, vichaka, nyati, ghala la silaha la mawe lenye paa la bati, na Mzee Kioko.

Mzee Kioko alikuwa fundi wa bunduki, Mkamba mfupi mwenye mikono mikubwa kupita mwili wake. Alikuwa jeshini wakati wa vita vya Wazungu, akafika mpaka Burma, na vitu viwili tu alivyovisimulia vya huko ni mvua na kutu. Siku ya kwanza alinipa rodi ya kusafishia na kitambaa, akaniambia nisafishe bunduki iliyokuwa mezani. Nikaanzia mbele, kwenye mdomo wa mtutu. Akanipiga kofi mkononi, paa!

"Wewe! Kwenu mnaingia nyumba za watu kwa dirisha?"

"Hapana, Mzee."

"Basi pita mlangoni. Nyuma huku."

Nilijifunza siku hiyo kwamba mdomo wa mtutu ndio unaoiaga risasi. Rodi ikiukwaruza, risasi inaondoka imeshapinda safari. Nimewakuta baadhi yenu mkianzia mbele. Sina mkono wa kofi tena, lakini nimewaona.

Sasa mtutu mpya. Hata kama umetengenezwa Ulaya na mabwana wenye miwani, ndani una mikwaruzo midogo iliyoachwa na chuma cha kuchongea. Huioni. Risasi ya kwanza ikipita, mikwaruzo ile inaparuza shaba ya risasi na kubaki nayo. Ukipiga ya pili juu ya shaba hiyo, na ya tatu, unapanga takataka juu ya takataka. Kwa hiyo unaanza kwa kuosha grisi ya kiwandani na mafuta ya taa, unakausha mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Unapiga risasi moja. Moja tu. Unamimina maji ya moto, kwa sababu risasi za siku zile zilikuwa na chumvi ndani ya fataki, na chumvi ile ilianza kula chuma kabla wewe hujaanza kula ugali. Unapitisha brashi yenye dawa, kisha vitambaa. Cha kwanza kinatoka cheusi. Huo ni moshi. Vinavyofuata vinatoka na rangi ya kijani. Hiyo ndiyo shaba. Unaendelea mpaka kijani kiishe. Unangoja chuma kipoe kabisa, uweze kukishika bila kuondoa mkono. Halafu unapiga nyingine. Siku nzima inakwenda hivyo, na jioni bega limevimba. Nasikia siku hizi kuna wanaosema kazi hii yote ni ushirikina mtupu. Huenda. Mimi sikuwahi kupata mitutu miwili sawasawa ya kuukatia ubishi huo.

Lakini hakuna atakayenibishia risasi ya asubuhi. Mzee Kioko ndiye aliyeipa jina. Mtutu ukishazoeshwa hivyo unapakwa mafuta kidogo, bunduki inalala. Alfajiri, kabla jua halijapiga bati, unayakausha yale mafuta na kupiga risasi moja kwenye chuma kilicholala baridi. Na anayepiga si fundi, ni askari atakayeibeba. Mzee alikuwa na sababu yake. Zamani alimpa askari mmoja bunduki iliyopiga vizuri mchana kutwa. Kesho yake nyati akatoka kichakani, askari akapiga, risasi ikapita juu ya mgongo. Hakupata nafasi ya kupiga tena.

"Ilikuwa nzuri ikiwa moto," Mzee aliniambia. "Hakuna aliyeiuliza ikiwa baridi. Nyati atakungoja upashe bunduki?"

Tangu hapo hakuna bunduki ya nyati iliyotoka ghala lile bila risasi ya asubuhi, hata afisa apige kelele. Na alipiga kelele kweli kweli.

Mzee Kioko alipostaafu kurudi Ukambani aliniachia funguo, akanishika bega, akasema, "Utazoea." Hakusema nitazoea nini. Na sikuzoea.

Nitawaambia kitu ambacho sikuwahi kukisema kazini: upweke wa bonde lile nusura unitoe akili. Askari walikuja, wakachukua bunduki, wakaenda zao Sindo kufukuza viboko kwenye mashamba, au Migori na afisa, wakanirudishia bunduki zimejaa matope. Wiki nzima ilipita sijasikia sauti isiyo yangu. Nilianza kuzisalimia zile bunduki. "Habari ya Sindo?" nilikuwa nikiiuliza moja yenye kitako kilichopasuka. Nikienda Homa Bay mjini, hotelini watu walinikaribisha kwa Kiswahili, heshima tupu, wakaniuliza habari za kwetu. Baada ya muda mazungumzo yalirudi kwenye Kijaluo, kama maji yanavyorudi mtoni, mimi nikabaki na mandazi yangu. Mhindi wa duka la nguo aliona jinsi ninavyonunua marekani ya kukatia vitambaa vya bunduki. Siku moja akashindwa kujizuia. "Wewe bwana, nyumbani watoto wangapi?" Nikamwambia sina mtoto, sina mke, niko peke yangu. Akanitazama kwa huruma, akaniongezea kipande bure. Na nikienda kwetu kwa likizo, wenzangu walicheka matamshi yangu, wakaniita Mjaluo. Nilikuwa mgeni pande zote.

Ndipo akatokea Odoyo.

Odoyo alikuwa askari wa bonde lile lile, mrefu, mwembamba, mwenye mwanya. Nyumba yake ilikuwa juu mteremkoni, mwendo wa saa chache kwa miguu. Alikuwa Msabato safi, havuti, hanywi, na Ijumaa jua likizama amefunga kazi. Kaka yake mkubwa, Ouma, alikuwa mtu wa mila na wake wawili, na alimtania bila kuchoka. "Mungu wa Odoyo anafunga duka Ijumaa," alikuwa akisema, "hata ukifa unangojeshwa mpaka Jumapili." Odoyo alinisimulia hayo akicheka mwenyewe, maana alimpenda yule kaka kuliko kitu chochote. Ouma ndiye aliyemlea Odoyo baada ya baba yao kufa.

Tulijuana kwa sababu ya mtutu. Alileta bunduki ndogo iliyotakiwa kubadilishwa mtutu, nikamwambia lazima akae tuzoeshe pamoja. Alikaa. Yeye anapiga, mimi naosha, halafu tunangoja chuma kipoe. Na chuma kikiwa kinapoa, watu wawili watafanya nini? Watazungumza. Alinifundisha maneno ya Kijaluo, mimi nikamfundisha ya Kikuria, kila mmoja akiyaharibu ya mwenzake. Mkewe Akinyi alikuwa amemfungia ugali na samaki, tukala kwenye sufuria moja. Jioni akaniambia, "Marwa, omera, wewe unakaa hapa namna gani bila mtu?" Omera ni ndugu yangu, kwa lugha yao. Nikainama nikajifanya natafuta kitambaa.

Tangu siku hiyo hakupita karibu bila kuingia. Nilialikwa kwao. Akinyi nikamwita shemeji. Ouma alinikalisha kando yake akaniambia Wakuria ni wezi wa ng'ombe lakini mimi nina uso wa mtu aliyeibiwa, tukacheka sana. Nilikuwa na nyumba ya kwenda. Mtu ambaye hajawahi kuikosa nyumba ya kwenda hataelewa ninasema nini.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana habari yenyewe ni hii.

Ile bunduki kubwa ya nyati aliyoibeba Odoyo mtutu wake ulikuwa umeliwa. Nikaomba mtutu mpya, na kama kawaida yetu ukachukua miezi. Ukaja kwa meli kutoka Kisumu mpaka gati la Homa Bay, umefungwa kwenye gunia kama mtu anayesafirishwa kuzikwa kwao. Bunduki kubwa nyingine ilikuwa Migori na afisa. Wiki hiyo hiyo nyati dume mmoja, aliyetengwa na wenzake, akaingia kichaka kilicho chini ya boma la kina Odoyo. Alimkuta mama mmoja jirani akiokota kuni, akamrusha. Mama yule aliponea kwa Mungu, mguu umevunjika. Watu wakaacha kwenda kisimani. Ng'ombe wakafungiwa nyumbani wakilia kiu.

Odoyo alifika ghalani Ijumaa asubuhi anatokwa jasho. "Mtutu imekuja?"

"Umekuja. Nimeshaufunga."

"Basi tuanze. Nataka jua likizama niwe nimefika nyumbani na hiyo kazi imekwisha."

Tulianza. Risasi, maji ya moto, brashi, kitambaa, kungoja. Safari hii hatukuzungumza sana. Alikuwa akiushika mtutu kila mara kuona kama umepoa, akiuondoa mkono, akiushika tena. Mtutu wenyewe ulikuwa mzuri. Kijani kiliisha mapema kuliko nilivyotegemea, na kufikia saa tisa alasiri risasi zilikuwa zinaingia katikati ya shabaha, zinagusana. Odoyo akasimama, akaitwaa bunduki mezani.

"Imetosha. Naenda."

"Odoyo, unajua haijaisha."

"Inapiga vizuri. Wewe mwenyewe umeona na macho yako."

"Nimeona ikiwa moto."

"Marwa! Watu wangu wanalala na hiyo nyati mlangoni, na wewe unaniambia moto, baridi?"

"Ukifika kwenu itakuwa imepoa. Risasi ya kwanza inaenda wapi? Niambie. Unajua?"

Hakujua, na mimi sikujua. Nikaichukua bunduki mikononi mwake polepole, nikairudisha mezani, nikasimama mbele yake. Mtu asiniambie nilifanya vile kwa ajili ya sheria ya ghala. Niliogopa. Nilikuwa na rafiki mmoja duniani, na nilimwona akiwa chini ya pembe.

"Asubuhi," nikamwambia. "Jua likichomoza unapiga moja, unaondoka."

"Asubuhi ni Sabato."

"Mungu wako anajua nyati ni nini."

Aliketi kwenye sanduku, akajishika kichwa. Nilidhani atanipiga. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Sawa. Funguo iko kwako. Lakini kitu ikitokea huko nyumbani, omera, mimi sijui." Hatukuwa na mtu wa kumtuma kupeleka habari, ghalani tulikuwa sisi wawili tu. Jua likazama, akasoma Biblia yake mlangoni mpaka herufi zikapotea, tukalala.

Alfajiri alisali kwanza, mimi nikakausha mafuta. Akalala kifudifudi nyuma ya mfuko wa mchanga, akalenga katikati, akavuta pumzi, akapiga. Tulikwenda pamoja kutazama. Tundu lilikuwa juu, kiganja kizima juu ya katikati. Odoyo aliweka mkono wake pale kwenye karatasi, akaupima, akanitazama.

"Ingepita juu ya kichwa," alisema.

"Ingepita juu ya kichwa. Akija anakukimbilia, usilenge paji. Lenga pua."

"Pua," akarudia. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Asante, omera."

Ile asante ndiyo ya mwisho niliyoipata kwake.

Niliosha mtutu upesi, nikafunga ghala na kuliacha bila mtu, jambo lililokatazwa, nikaenda naye ili awe na mtu wa nyuma. Tulikuwa tumeanza kupanda mteremko tuliposikia nduru. Mnazijua nduru za msiba; hazifanani na nyingine. Odoyo akaanza kukimbia. Akinyi tulikutana naye njiani, mikono kichwani, bila viatu.

"Mmechelewa," alisema. "Shemeji, mmechelewa."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Jana jioni walingoja. Odoyo hakutokea. Jua lilipozama Ouma akasema, "Basi tena. Sabato imeingia. Odoyo hatashika bunduki mpaka kesho jioni, na ng'ombe watakufa kiu." Hawakujua kuhusu mtutu baridi wala mtutu moto, wangejulia wapi? Walimjua Odoyo na Ijumaa zake. Kulipopambazuka Ouma akachukua mikuki na mbwa, akaingia kichakani na wanaume wachache. Mkuki wake ulimpata nyati begani. Nyati naye akampata yeye. Wakati sisi tunaitazama karatasi na tundu lake, Ouma alikuwa ameshaingia kichakani; na tulipoanza kupanda mteremko alikuwa amelazwa uani, amefunikwa shuka.

Odoyo hakwenda uani. Aliteremka moja kwa moja kwenye kichaka, nami nyuma yake. Damu ya nyati ilikuwa kwenye majani. Hatukuenda mbali. Nyati alitoka ubavuni mwetu, akageuka, akatujia kichwa juu kama wanavyofanya, na ardhi nikaisikia miguuni. Odoyo alisimama tu. Alingoja kuliko nilivyofikiri mtu anaweza kungoja. Kisha akapiga, mara moja, na yule dume akapiga magoti, pua ikalima udongo, akakomea hatua chache kutoka tulipokuwa. Tundu lilikuwa katikati ya paji.

Masikio yakinilia, nikasema neno la kijinga kabisa. Nikasema, "Imekwenda pale pale."

Odoyo aligeuka. Uso wake haukuwa na hasira, heri ungekuwa nayo. Akanikabidhi bunduki mikononi.

"Bunduki yako ni nzuri," alisema. "Hata jana ilikuwa nzuri."

Akapanda kwenda kumwona kaka yake.

Nilikwenda mazishini. Hakunifukuza na hakunisalimu. Akinyi aliniletea chakula, akakiweka, akaondoka bila kuniangalia. Wengine walilaumu Sabato, wengine walisema Ouma alikuwa kichwa ngumu tangu utoto, wazee wa kanisa walisema kosa ni kumwendea nyati kwa mikuki. Habari ya risasi ya asubuhi Odoyo hakumwambia mtu, nijuavyo mimi. Aliiacha kati yetu wawili, na ikawa nzito kuliko kama angenitangaza sokoni.

Nimeipindua habari hii kila upande. Angeondoka Ijumaa alasiri, angefika jioni na mtutu baridi, angemlenga nyati paji, risasi ingepita juu, na huenda ningewazika wote wawili. Au nyati asingetoka jioni ile, Ouma angemwona mdogo wake na bunduki, akacheka, akalala, na asubuhi angeamka. Yote mawili yawezekana. Ningefanya vile vile. Nimejibu hivyo kila nilipojiuliza, na kila mara nilikuwa peke yangu ninapojibu.

Basi, kazi iliendelea. Odoyo alibaki askari wa bonde, lakini ghalani hakuingia tena. Bunduki yake ilikuja na mtu mwingine, ikarudi na mtu mwingine. Niliisafisha kuliko zote. Nilikuwa nikiitazama nijue ametembea wapi: mchanga wa ziwani, udongo mweusi wa mbugani, mbegu za nyasi kwenye mkanda. Mara moja nilimwona kwa mbali barabara ya Homa Bay, nikapunga mkono, akawa anatazama ziwani. Jioni zilikuwa ndefu sana, jamani. Zilikuwa ndefu kuliko kabla sijamjua, na hilo sikulitegemea.

Miaka kadhaa baadaye mtutu wa ile bunduki ukafikia mwisho wake nao. Chumvi, jasho, mvua. Nikaletewa mwingine. Nikatuma habari kwa askari mwenzake kwamba mwenye bunduki anatakiwa, kama ilivyo kanuni. Sikutegemea aje. Nilifikiri atamwomba afisa amtume mtu mwingine, na afisa angekubali.

Alikuja mwenyewe, asubuhi na mapema. Nywele zilikuwa zimeanza mvi pembeni. Akaniamkia, "Habari," nikamwambia, "Nzuri." Tukaanza. Alipiga, nikaosha, tukangoja chuma kipoe. Alikaa kwenye sanduku akitazama nje mlangoni. Niliwasha jiko, nikapika ugali wa kututosha wawili, akasema ameshiba. Siku nzima ikapita hivyo, na nawaambia hakuna siku niliyochoka kama ile, kwa maana nilikuwa na maneno ya miaka kifuani na kila nilipofungua mdomo yalitoka maneno ya kazi. "Sogea kidogo." "Pumua kwanza." "Nipe brashi."

Jioni risasi zilikuwa zinaingia katikati. Nikaitazama ile bunduki mezani, nikamtazama yeye. Nikafanya jambo ambalo Mzee Kioko angenitimua kazi kwalo. Nikasema, "Odoyo. Ukitaka kuichukua sasa, ichukue. Sikuzuii."

Alisimama. Akainyanyua, akaipima mkononi, akatazama njia inayopanda kwao. Kisha akairudisha mezani taratibu, mdomo wa mtutu umeelekea ukutani kama nilivyomfundisha.

"Asubuhi," alisema.

Alilala kwenye kibanda cha kuegeshea lori la idara, si chumbani kwangu. Alfajiri alisali, nikamsikia. Nikakausha mafuta, akalala nyuma ya mfuko wa mchanga, akapiga. Katikati kabisa, kama iliyowekwa kwa kidole. Aliiangalia karatasi muda mrefu. Akatundika bunduki begani, akaondoka kwenye njia ya mteremko.

Nilisimama mlangoni. Nilitaka kumwambia kwamba namkumbuka Ouma. Nilitaka kumwambia kwamba ningefanya vile vile, na kwamba inaniuma vile vile. Alikuwa anakwenda mbali, na nikaona akishaupita mti wa mgunga ulio njiani sauti yangu haitamfikia tena. Nikapiga kelele, na mnajua nilisema nini?

"Kausha mafuta kabla hujapiga!"

Hakugeuka. Aliinua mkono mmoja juu ya kichwa, akaushusha, akaendelea kupanda. Pale ndipo mbung'o walipokuwa wengi zaidi, kwa hiyo mpaka leo sina hakika kama alikuwa ananijibu au anafukuza mdudu. Niliingia ndani nikaosha rodi, nikalia kidogo, nikafungua ghala kwa kazi za siku.